Mchoro wa Mahudhurio na Wino Mweusi wa Konyo Konyo

Wenzetu wamekwisha kuandika mara nyingi juu ya zana za kufundishia: kadi za maneno, ubao wa flaneli, picha za ukutani, na hata vifuniko vya chupa katika kufundisha hesabu za awali. Leo twaomba ruhusa ya kuongeza neno juu ya chombo ambacho chuoni hatukufundishwa namna ya kukishika, nacho ni mchoro wa takwimu unaozaliwa ndani ya programu ya wavuti, na safari yake kutoka kwenye kioo cha kompyuta mpaka kwenye karatasi. Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa lugha na michoro ya nguzo, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba mchoro nao ni maandishi. Una vichwa, una alama, una jambo unalolisema na jambo unalolificha, na asiyejua kuusoma hudanganyika kwa urahisi kuliko asiyejua kusoma barua, maana barua usiyoielewa utaitafutia mtu wa kukusomea, bali mchoro kila mtu hudhani ameuelewa.

Tunafundisha Kiswahili mjini Juba, katika shule ya jumuiya isiyo mbali na soko la Konyo Konyo. Kwa wasioujua mji huu, Konyo Konyo ni soko kubwa na kongwe upande wa Malakia, si mbali na mto Nili, na ni mahali ambapo mtu aweza kununua nyanya kwa Kiarabu cha Juba, akapimiwa kitambaa kwa Kiamhara, akatengenezewa simu kwa Kiganda, na akabishania nauli ya bodaboda kwa Kiswahili. Sisi wenyewe Kiswahili chetu tulikipata Kakuma, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 huko kaskazini-magharibi mwa Kenya, tukakisoma kwa mitaala ya Kenya na kukitumia katika foleni ya maji. Tuliporejea nyumbani tulidhani lugha hiyo ingebaki kumbukumbu ya ujana. Haikuwa hivyo. Sudani Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia Kiswahili kiwe mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya hiyo. Hivyo mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa kama mgeni katika ofisi ya walimu, akapewa kiti.

Pamoja na kiti alipewa kazi nyingine, kama ilivyo desturi ya shule zetu. Kwa kuwa tulikuwa tumejifunza kidogo kupiga taipu na baadaye kuitumia kompyuta, mkuu wa shule alitukabidhi daftari la mahudhurio. Si lile daftari la kijani lenye mistari, ingawa nalo lipo bado, bali programu ambayo huingizwa kwa kivinjari cha wavuti na ambayo kila jioni hujazwa idadi ya waliohudhuria, wavulana kando na wasichana kando, darasa kwa darasa. Katika nchi hii jambo hilo si geni. Tangu mwaka 2013, ulipoanza mpango wa elimu ya wasichana uliofadhiliwa na Uingereza, shule nyingi zilianza kutuma hesabu za mahudhurio kwa ujumbe mfupi wa simu kwenye mfumo wa kitaifa uitwao SSSAMS, na hesabu hizo zikaweza kuonekana katika wavuti. Upande wa afya, majirani zetu Kenya walikwisha kutandaza nchi nzima, mwaka 2011, programu ya DHIS2 iliyolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, nayo hupokea hesabu za zahanati na kuzigeuza kuwa michoro. Programu tunayoizungumzia hapa si mojawapo ya hizo. Ni ndogo zaidi, ya shule chache tu, wala jina lake halina maana katika habari hii.

Asubuhi watoto wakiitwa majina hujibu kwa Kiarabu cha Juba, ana fi ini, yaani nipo hapa. Jibu hilo moja la mtoto huwa alama katika daftari, alama huwa tarakimu katika programu, na tarakimu huwa nguzo katika mchoro. Kila inapopanda ngazi mojawapo, kitu hupotea. Tunasema haya mapema ili msomaji asidhani ya kwamba upotevu huanzia kwenye mashine ya kuchapia.

Sasa tueleze lililotusukuma. Mwaka 2024 kamati ya wazazi ilikuwa na neno zito mbele yake. Shule ilikuwa imeweka nafasi chache za msamaha wa ada kwa wasichana wa madarasa ya juu, na baadhi ya wajumbe walitaka ziondolewe. Hoja yao ilikuwa fupi: wasichana hawa hawaji shuleni, basi kwa nini tuwasamehe ada wasiokuja, na hali paa la darasa la tatu linavuja? Mkuu wa shule alitutaka tulete hesabu. Katika kioo cha kompyuta hesabu zilikuwepo, tena zimepambwa: nguzo za rangi ya waridi kwa wasichana na za buluu ya mbingu kwa wavulana, kwa miezi na kwa siku za juma. Lakini kamati hukutana chini ya mwembe. Hapana umeme, hapana mtandao wa kuaminika, na kompyuta ni moja, ambayo betri yake haiwezi kustahimili sala ya kufungulia mkutano. Ilipasa mchoro uwe karatasi.

Katika Konyo Konyo vibanda vya kuchapia havikosekani. Kimoja tunachokizoea kina upana wa hatua tatu. Juu ya bati pana paneli ya jua, nje pana jenereta ndogo inayonguruma pale mawingu yanapotanda, na ndani pana kompyuta, mashine ya kuchapia ya wino mweusi mtupu, mashine ya kutolea nakala, na shuka jeupe la kupigia picha za pasipoti. Mwenye kibanda ni kijana kutoka upande wa Uganda, mwenye Kiswahili cha barabarani kilichochanganyika na lugha za huko, naye hutuita mwalimu kwa heshima ambayo wanafunzi wetu wangefaa kuiga. Bunda za karatasi humfikia kwa barabara ya Nimule, kama vile vitunguu na saruji, na kwa hiyo bei yake hupanda na kushuka pamoja na vitunguu na saruji. Hii ndiyo sababu yetu ya kwanza ya kutopenda karatasi iharibike. Mtaalamu wa mahali pengine aweza kuchapa mara kumi mpaka apendezwe, lakini sisi kila jaribio tunalilipia.

Jaribio la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mtu angelianza: kufungua programu katika kivinjari na kuamuru ukurasa uchapwe kama ulivyo. Karatasi iliyotoka ilikuwa na kila kitu isipokuwa tulichokihitaji. Ubavuni palikuwa na orodha ya vitufe, juu palikuwa na jina la mtumiaji, na mchoro wenyewe ulikuwa umekatwa upande wa kulia, Alhamisi nusu na Ijumaa haipo kabisa. Sababu yake si uchawi. Ukurasa wa wavuti hupangwa kwa upana wa kioo, na karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 tu ikisimama, hivyo kilichozidi huachwa nje, isipokuwa mtengenezaji wa programu awe ameandika mapema maagizo mengine kwa ajili ya karatasi. Wengi hawayaandiki. Pili, ule ufunguo wa mchoro, yaani vile vijisanduku vya rangi vinavyoeleza nguzo ipi ni ya nani, ulitoka mweupe mtupu. Hapa kijana alitufundisha jambo. Kivinjari, ili kuokoa wino, kwa kawaida hakichapi rangi za usuli mpaka kiagizwe kwa alama fulani katika dirisha la kuchapia. Vijisanduku vilikuwa vimepakwa kwa rangi ya usuli, nguzo zilikuwa zimechorwa kwa njia nyingine. Nguzo zikabaki, maelezo yake yakafutika. Mtu angepewa karatasi ile, angeona nguzo ndefu na nguzo fupi, na angeamua mwenyewe ni za akina nani.

Twaomba msomaji atue hapo kidogo. Katika kamati yetu walikuwapo watu waliokwisha kuamua nguzo fupi ni za nani kabla hawajaona mchoro wowote.

Jaribio la pili lilipitia kile kitufe kidogo chenye mistari mitatu kilicho pembeni mwa mchoro, ambacho ukikibonyeza hukupa njia za kutoa nakala: picha ya aina ya PNG, au hati ya PDF, au mchoro wa aina ya SVG. Tulichagua picha, kwa kuwa neno picha huleta amani moyoni. Pale kibandani kitufe kilikaa kimya muda mrefu. Baadaye tulielewa kwamba katika baadhi ya programu kitufe hicho hakiifanyi kazi papo hapo, bali huupeleka mchoro kwenye kompyuta nyingine iliyo mbali, pengine ng'ambo, ukageuzwe huko kuwa picha na kurudishwa. Mtandao ukiwa dhaifu, mchoro wa mahudhurio ya shule ya Juba huwa umekwama njiani kama lori lililonasa topeni. Programu nyingine humaliza kazi hiyo ndani ya kivinjari chenyewe, na hizo ndizo zitufaazo sisi wa mitandao myembamba. Jambo hili lina upande mwingine ambao mwalimu hana budi kuuangalia: kinachopelekwa huko mbali ni nini? Mchoro wetu ulikuwa na jumla tu. Lau ungekuwa na majina ya watoto, tusingekubali uvuke hata ng'ambo ya mto.

Picha ilipofika, ilikuwa ndogo. Yafaa tueleze hesabu yake, maana ni hesabu ya darasa la sita na bado huwashinda watu wenye shahada. Picha ya PNG ni mkusanyiko wa vitone. Yetu ilikuwa na vitone 600 kwa upana. Mashine ya kuchapia iliyo nzuri huweka vitone 300 katika kila inchi moja, kwa hiyo vitone 600 hutosha inchi 2, ambazo ni sentimita 5 na kidogo, sawa na upana wa kibiriti. Ukitaka kuujaza upana wa karatasi nzima wahitaji vitone karibu 2,480. Ukiivuta picha ndogo iwe kubwa, vitone havizaliani. Hunenepa tu, na herufi huota meno kama msumeno. Aina ya SVG ni kitu tofauti kabisa. Hiyo haihifadhi vitone bali huhifadhi maagizo: chora mstari kutoka hapa hadi pale, weka mstatili wa urefu huu, andika neno hili. Ukiikuza hadi iwe na ukubwa wa ukuta, mistari hubaki myembamba na safi. Ilikubaliwa kuwa kanuni ya wavuti mwaka 2001, miaka mitano baada ya PNG. Hati ya PDF, iliyo kongwe kuliko zote mbili, kwani ilitokea mwaka 1993, nayo yaweza kubeba mistari kwa namna hiyo hiyo.

Lakini ubovu mkubwa wa jaribio la pili haukuwa udogo. Mashine ilikuwa na wino mweusi peke yake, na waridi na buluu ya mbingu, zikipitishwa katika wino mweusi, huwa kijivu kimoja. Wasichana na wavulana wakawa ndugu mapacha. Kijana wa kibandani aliitazama karatasi, akaigeuza juu chini, akacheka.

"Mwalimu, hapa wote ni watoto tu."

Alisema kweli kuliko alivyodhani, ila kamati haikuwa imeuliza habari za watoto tu.

Jaribio la tatu lilichukua karibu saa nzima, na hatukuona uchungu kuilipia saa hiyo. Tuliingia katika mipangilio ya mchoro tukaondoa rangi zote. Nguzo za wasichana tukazifanya nyeusi tii, za wavulana nyeupe zenye ukingo mweusi. Tukaelekeza karatasi ilale badala ya kusimama. Kisha tukaandika idadi juu ya kila nguzo. Hili la mwisho ni muhimu kuliko lionekanavyo. Katika kompyuta, mtu akikielekeza kishale juu ya nguzo, hutokea kijidirisha kinachomwambia idadi kamili na maelezo mengine. Karatasi haina kishale. Kila kilichojificha nyuma ya kishale hufa safarini, kwa hiyo anayetoa nakala ya mchoro lazima ajiulize mapema ni maneno gani yaliyokuwa yakisemwa kwa kunong'ona, ayaandike kwa sauti.

Kulikuwa na mnong'ono mmoja wa namna hiyo. Katika mchoro wa miezi, nguzo za Machi zilikuwa nusu ya za jirani zake. Mwenye kuuona angesema mwezi huo watoto walikimbia shule. Ukweli ni kwamba tarehe 18 Machi 2024 serikali ilizifunga shule zote kwa sababu ya joto kali, lililotazamiwa kufikia nyuzi 45, zikakaa bila masomo kwa majuma mawili. Programu, kwa kutojua habari za jua, ilihesabu siku hizo kuwa ni siku ambazo watu sifuri walihudhuria. Kutohudhuria na kutokuwapo kwa shule ni vitu viwili, lakini nguzo haina ulimi wa kuvitofautisha. Tukaandika chini ya mchoro, kwa herufi zisizo ndogo: Shule zilifungwa kwa amri, majuma mawili, joto. Mchoro wa aina hiyo ukitolewa kwa miaka ya 2020 na 2021 ungekuwa na pengo kubwa zaidi, kwani shule za nchi hii zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na kwa madarasa mengi hazikufunguliwa mpaka Mei 2021.

Hila yetu ya nyeusi na nyeupe tulidhani ni uvumbuzi wa umaskini. Si hivyo. Mchoro wa nguzo unaosemwa kuwa wa kwanza ulitolewa mwaka 1786 na William Playfair, Mskoti aliyekuwa na vipaji vingi na madeni mengi, naye alitumia mistari myeusi mitupu kwa upande mmoja na mistari yenye mbavu-mbavu kwa upande wa pili, wala hakuhitaji rangi ili kuzitenganisha nguzo. Tena jambo alilolichora lilikuwa ni bidhaa zilizotoka na zilizoingia Uskoti kwa muda wa mwaka mmoja, hivi kwamba mchoro wa nguzo ulizaliwa kwa ajili ya kueleza usafirishaji.

Hapa ndipo uliposimama ualimu wetu wa lugha, maana neno lenyewe la kazi hii hutusumbua. Kompyuta huita tendo la kutoa mchoro katika programu kwa neno lile lile la Kiingereza linalotumika bandarini, la kupeleka bidhaa nchi za nje. Baadhi ya watafsiri wamelifuata neno hilo kwa miguu yake wakasema kusafirisha nje. Tulipolitumia darasani, msichana wa darasa la saba alituuliza: mchoro ukishasafirishwa, pale kwenye kompyuta pabaki nini? Swali hili lilistahili jibu kuliko maswali mengi ya mitihani. Mtoto wa Konyo Konyo ajua maana ya kusafirisha. Gunia likipakiwa, mahali lilipokuwa pamebaki vumbi. Mchoro haufanyi hivyo. Wenyewe hubaki, na kinachoondoka ni mfano wake. Wengine husema kuhamisha, na hilo ndilo baya zaidi, kwani anayehama hufunga mlango. Sisi tumekuwa tukisema kutoa nakala, na mpaka hapo atakapotokea mwanachama mwenye neno zuri zaidi tutashikilia hilo. Vivyo hivyo ule ufunguo wa mchoro: walimu wa jiografia walikwisha kutupatia neno hilo katika ramani tangu zamani, hapana haja ya kulitafutia jipya.

Na kuchapa je? Neno chapa lilitufikia kutoka Bara Hindi, pamoja na mihuri na nembo za marobota, na twalitofautisha vizuri: kuchapa ni kuweka wino, kuchapisha ni kutoa kitabu kwa watu. Lakini darasani kwetu neno hilo huleta kicheko, kwa kuwa wanafunzi huanza kulijua kwa maana yake nyingine, ile ya fimbo. Mwalimu akisema kesho nitawachapia mchoro, nusu ya darasa hushika makalio. Kwa wasikilizaji wetu wanaoongea Kiarabu cha Juba, neno matbaa kwa maana ya mahali pa kuchapia halihitaji maelezo marefu, na twapenda kulitumia hapa, ingawa kukiita kibanda kile matbaa ni kukivika kanzu ya harusi.

Turudi kwenye kamati. Tuligawa karatasi sita, mbili mbili kwa kila kundi lililoketi. Mchoro wa miezi ulizungumzwa kidogo tu, na ile habari ya joto iliposomwa, wote waliitikia, maana hakuna aliyekuwa amelisahau. Mchoro wa siku za juma ndio uliotazamwa. Katika darasa la saba na la nane nguzo nyeusi zilikuwa karibu sawa na nyeupe siku za Jumanne, Jumatano na Ijumaa. Jumatatu na Alhamisi nguzo nyeusi ziliporomoka. Mzee mmoja, miongoni mwa waliotaka msamaha uondolewe, alisema kwamba hilo ndilo alilokuwa akilisema siku zote. Aliyemjibu hakuwa mwalimu. Alikuwa mama mmoja muuza mboga, mjumbe wa kamati ambaye mikutano mingi hupita bila kusikika. Hajui kusoma, lakini alikuwa ameziweka ncha za vidole viwili juu ya nguzo mbili fupi, akauliza hizo ni siku gani. Alipoambiwa, alitutazama akasema kwa Kiarabu cha Juba maneno ambayo hapa tunayaleta kwa Kiswahili:

"Ustaz, hizi ni siku za mzigo."

Akaeleza. Siku hizo mbili malori ya mboga na matunda huwasili alfajiri, na mwanamke asiyewahi kwenye lori hana biashara mpaka lori jingine. Anayewahi hawezi kwenda na mtoto wa mgongoni, wala hawezi kuiacha meza yake bila mtu. Binti mkubwa hubaki na mtoto, au hubaki na meza. Kufikia saa nne kazi imekwisha, lakini saa nne lango la shule limekwisha kufungwa, na anayechelewa huandikwa hayupo. Akina mama wengine wawili walisema ndivyo. Mzee alisema soko ni soko na shule ni shule, na kwamba mtoto wa kiume naye ana kazi nyumbani lakini huja. Aliulizwa ni kazi gani ya mtoto wa kiume inayoanza alfajiri siku ya mzigo. Palikuwa na maneno makali kidogo, ambayo hatuoni haja ya kuyaandika.

Nafasi za msamaha hazikuondolewa mwaka ule. Ilikubaliwa pia kwamba siku hizo mbili wasichana wa madarasa hayo mawili wapokelewe hadi saa nne, na masomo ya kipindi cha kwanza wayapate alasiri. Mwalimu wa hisabati, ambaye kipindi hicho ni chake, hakufurahi, na alikuwa na haki ya kutofurahi. Paa la darasa la tatu liliendelea kuvuja mpaka mvua zikaisha zenyewe.

Karatasi moja ilibandikwa kwa ugali katika mlango wa ofisi, kwani gundi ilikuwa imekwisha. Tumeiona ikisomwa na watu ambao kamwe wasingeomba kuonyeshwa kompyuta: mlinzi wa lango, mama wa chai, hata mpagazi mmoja aliyeleta maji na kuuliza kwa nini Alhamisi ni fupi. Wanafunzi wa darasa la saba wamekuwa wakiikaribia kuitafuta nguzo yao. Msichana yule aliyeuliza pabaki nini alitaka tumwonyeshe yeye mwenyewe yupo wapi ndani ya ile nyeusi. Tulimwambia yumo ndani, pamoja na wenzake, hatuwezi kumtenga. Hakuridhika sana, akachukua kalamu na kutia kitone kidogo chini ya Jumanne.

Mwaka uliofuata, Februari 2025, joto lilirudi, watoto wakaanguka madarasani hapa Juba, na shule zikafungwa tena kwa majuma mawili kuanzia tarehe 20. Shule zilipofunguliwa mtandao wetu ulikuwa haupatikani, na programu haikufunguka kwa siku nyingi. Mwalimu wa hisabati, yule yule, alichukua rula na penseli, akauchora mchoro wa mwezi huo nyuma ya karatasi ya zamani, nyeusi kwa wasichana na nyeupe kwa wavulana. Kwa majuma yaliyofungwa hakuchora sifuri. Aliacha nafasi tupu yenye upana wa majuma mawili, na ndani yake akaandika kwa herufi zilizosimama: joto.